Kisanduku Katikati ya Jina la Mama

Kwa Wajumbe wa Kamati ya Kugawa Namba za Herufi za Kompyuta,
kupitia kwa Katibu wenu, ambaye naamini jina lake huandikika lote.

Waheshimiwa,

KUHUSU: MALALAMIKO YA MWANA JUU YA TUNDU LILILOACHWA KATIKATI YA MAMA YAKE MZAZI

Nawaandikia nikiwa mzima, na nawaombea nanyi uzima, hasa wa macho, kwa sababu macho ndiyo yaliyoniletea haya yote.

Mimi ni mchora mabango. Marehemu baba yangu alikuwa mchora mabango pia, na karibu kila mlango wa mtaa wetu ulioandikwa "Sukuma", "Vuta" au "Usiegemeze baiskeli hapa" uliandikwa kwa mkono wake au wangu. Kwa hiyo msinichukulie kama mtu anayezungumzia herufi kwa kusikia. Nazijua kwa matumbo yao na miguu yao. Najua S inavyomchosha mchoraji na I inavyompumzisha.

Ombi langu la kwanza mlilipokea, mkanijibu kwa mistari michache yenye adabu nyingi, kwamba nionyeshe ushahidi kuwa herufi ninayoiombea namba inatumiwa na jamii ya watu. Jibu hilo nililisoma nimesimama, kisha nikatafuta kiti. Sasa naleta malalamiko yangu kwa mpangilio, kila moja na namba yake, maana nimeelewa kwamba kwenu kitu kisicho na namba hakipo.

1. Herufi yenyewe ni hii: □. Nimeichora vizuri sana kwa mkono. Ina tumbo la mviringo, mkia unaopinda kushoto, na nukta juu iliyokaa kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi. Lakini ninyi hampokei karatasi, hivyo mke wangu ndiye anayenichapia barua hii kwenye kompyuta. Ikiwa hapo juu mmeona tumbo, mkia na nukta, basi sina malalamiko tena, na mnaweza kuacha kusoma mkaendelea na chai yenu. Ikiwa mmeona kisanduku kitupu, vumilieni.

2. Mtasema, herufi hii imetoka wapi? Imetoka kooni mwa baba yangu. Baba alikuwa jasiri wa kupanda ngazi ndefu na rangi mkononi, lakini kwenye maneno alikuwa mwoga. Alimpenda mama kwa muda mrefu bila kuweza kumwita vizuri. Akifika katikati ya jina lake, pumzi ilikwama, akameza mate, kisha akamalizia. Watu walimcheka. Mama hakumcheka. Alisema jina lake halijawahi kutajwa na mtu mwenye uhakika mdogo na nia kubwa namna ile.

Siku ya kuandikisha ndoa, karani alimkabidhi baba kalamu ajaze mwenyewe, kwa kuwa mwandiko uliokuwa kwenye mlango wa ofisi ile ile ulikuwa wa baba na karani aliuhusudu. Baba akaandika jina la mama kama alivyokuwa akilitamka, na pale pumzi inapokwama akachora □. Karani akauliza, "Na hii nini?" Baba akasema, "Hapo ni mimi ninapomwita." Karani akatazama, akaona imechorwa vizuri, akagonga muhuri.

Tangu hapo jina hilo limenakiliwa kwenye kila karatasi ya mama bila ubishi, kwa sababu karani mwenye kalamu anachora anachokiona. Baba ametutoka. Hakuna tena mtu anayekwama pale. Mimi nimejaribu, mama akaniambia nasikika kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Iliyobaki ni hiyo herufi tu, na niseme wazi kwamba inanisikitisha sana kila nikiikumbuka sauti ile.

3. Sasa nifike kliniki. Mama ana mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Amekuja daktari bingwa wa kuuondoa ugonjwa huo, na akimaliza zamu yake ataondoka, na hakuna anayejua atarudi lini. Zamani pale kliniki muuguzi alisimama mlangoni akaita kwa sauti. Siku hizi wamefunga skrini ukutani. Jina lako likitokea, unaingia. Skrini hiyo wameifunga kwenye idara ya macho, kwa ajili ya watu wasioona. Hilo nawaachia mlitafakari wenyewe.

Tuliketi kwenye benchi, mama katikati, mke wangu huku na mimi huku. Jina likatokea, watu wakaanza kunong'onezana. Mama akamuuliza mke wangu, "Wameandika nini?" Mke wangu ni mtu mwema, ila hajui kudanganya hata pale anapohitajika sana kudanganya. Akasema, "Mama, kuna mwanzo wa jina lako, halafu kuna kisanduku, halafu kuna mwisho wa jina lako."

"Ndani ya kisanduku kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Mama akauweka mkoba wake vizuri mapajani. "Basi huyo si mimi. Aingie mwenyewe anayeitwa hivyo."

Na kweli, akainuka mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, ambaye jina lake nalo, kama tulivyojua baadaye, lina herufi isiyojulikana na mashine. Mzee huyo alikuwa amekuja kupimwa miwani ya kusomea. Walipombaini alikuwa tayari amelazwa kitandani, amefunikwa shuka la kijani, anauliza kama miwani siku hizi inapimwa mtu akiwa amelala. Ndipo muuguzi akatoka mbio na karatasi yake na kuita ukumbi mzima usikie, "Mama Kisanduku! Jamani, Mama Kisanduku yuko wapi?" Benchi zote zikacheka. Mama naye akainuka, lakini alielekea mlango wa kutokea.

Tumerudi naye mara kadhaa. Anakubali kuoga, anakubali kuvaa, anakubali kuketi. Kuingia hakubali. Nilipomkasirikia aliniambia hivi, na naomba muyasome maneno yake polepole: "Nikiinuka kwa jina lile, nitakuwa nimekubali kwamba pale katikati hapakuwahi kuwa na mtu."

Waheshimiwa, daktari anafunga mizigo. Mama yangu anapapasa kikombe mezani. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote ni maelezo.

4. Msidhani nimekaa tu nikilia. Nilimwendea fundi wa kompyuta wa kliniki, kijana mpole ambaye wote wanamwita Zima-Washa, kwa kuwa hiyo ndiyo dawa yake ya kwanza kwa kila mashine, na mara nyingi ndiyo ya mwisho. Akanieleza jambo ambalo limenikosesha raha mpaka leo. "Mzee wangu, mashine haijui herufi hata moja. Inajua namba tu. Ukibonyeza A, yenyewe inaandika sitini na tano. Mashine nyingine ikipokea hiyo sitini na tano inakwenda kabatini kwake, inatafuta umbo lenye namba hiyo, inalitundika kwenye kioo. Ikifungua kabati ikakosa umbo, inatundika kisanduku. Maana yake, hapa kuna kitu ila mimi sikijui."

Nikamuuliza herufi ya baba ni namba ngapi. Akasema haina, lakini zipo namba ambazo Kamati imeziacha wazi ili kila mtu ajitumie nyumbani kwake apendavyo, na kwa kutuonea huruma alikuwa amechukua mojawapo akampa mama. Akanigeuzia kioo chake. Palepale niliona tumbo, mkia, nukta! Nusura nimkumbatie. Kumbe umbo hilo lilikuwa kwenye kabati la mashine yake peke yake. Skrini ya ukumbini kabati lake halina kitu kwa namba hiyo, ndiyo sababu ya kisanduku. Mashine ya dirisha la malipo ni ya kizamani zaidi, ikaweka alama ya kuuliza, kana kwamba kliniki haina uhakika kama mama ni mama. Na mashine ya dirisha la dawa, kwenye namba ile ile, ilikuwa imeshajiwekea umbo lake. Karatasi ya dawa ilitoka na jina la mama likiwa na pipa la takataka katikati. Pipa dogo, zuri, lina mfuniko. Mama hakuliona, na hiyo ndiyo siku pekee nimewahi kumshukuru mtoto wa jicho.

Zima-Washa akajaribu njia nyingine. Akaiunda herufi kwa vipande vyenye namba zake: herufi ya kawaida, nukta ya kuelea juu, mkia wa kuning'inia chini. Kwenye mashine moja mkia ulihamia kwa herufi ya jirani. Kwenye nyingine nukta ilipanda ikagusa mstari wa juu, ikakaa kwenye jina la mgonjwa mwingine kabisa. Mwisho akaniuliza kwa upole, "Kwani tukiiondoa tu, mzee wangu? Si ni pumzi tu hiyo?" Nilikwenda kumuuliza mama. Akasema jina lisilo na pumzi analijua, ndilo analoitwa na kila anayetaka kumwazima sufuria.

5. Baada ya hapo nikaanza kuchunguza hizo namba mmekuwa mkimpa nani. Mnisamehe, sikufanya kwa ubaya. Nimekuta mmeupa namba uso unaocheka mpaka unatoa machozi, kisha mkaupa namba nyingine uso huo huo ukiwa umelala ubavu. Biringanya nalo linayo. Mmempa konokono. Na mmekipa namba kinyesi. Kinyesi hicho kina macho mawili na kinatabasamu, na kikitumwa kutoka upande mmoja wa dunia kinafika upande wa pili kikiwa kizima, macho yote mawili, tabasamu lile lile. Mama yangu hawezi kufika mzima kutoka mapokezi hadi dirisha la dawa.

Sina ugomvi na kinyesi. Kila mtu anakijua, na jamii ya watumiaji wake ni kubwa. Nauliza tu, mlipokuwa mezani mkikijadili, hakuna mjumbe hata mmoja aliyekohoa?

6. Fikirieni pia upande wa sheria. Ikiwa pale katikati ya jina hapana kitu, basi baba alifunga ndoa na mtu mwenye pengo. Ikiwa ndoa ina pengo, mimi niliyezaliwa humo ni mtoto wa pengoni. Mtoto wa pengoni hawezi kuwa na duka, na mabango yote yaliyotoka katika duka hilo hayana mwenyewe. Bango la "Hakuna Njia" lililoko mwisho wa barabara yetu nililichora mimi. Je, bango lililochorwa na mtu asiyethibitika linamzuia nani? Dereva akilipita akaingia mtaroni, atakayelaumiwa si mimi, maana mimi sipo. Ni ninyi. Nawaambia mapema ili msije mkasema hamkuonywa.

7. Mlitaka jamii ya watumiaji. Basi nimewatengenezea.

Nimezunguka mtaa mzima na kopo la rangi. Kinyozi nimemchorea □ kwenye mlango, naye anaitumia kumaanisha "nimetoka kidogo, ngojeni hapo hapo". Mwokaji mikate nimemchongea muhuri wa mbao. Anaigonga kwenye mikate ya jana ili mkewe asiichanganye na ya leo. Fundi viatu anaiandika kwa chaki kwenye soli za viatu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua, na ana rafu nzima. Mwalimu wa hesabu anaiweka kwenye jibu ambalo mwanafunzi alikaribia kulipata. Hakuna hata mmoja anayeweza kuitamka, lakini hilo halijawahi kuwa sharti. Hata konokono wenu sijui anatamkwaje. Picha nimeziambatanisha. Mama sijamwambia. Nataka macho yakifunguka atoke nje aikute herufi yake imejaa mtaani, ashangae.

8. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nayaomba kwa heshima. Herufi □ ipewe namba moja, popote penye nafasi. Siombi namba nzuri. Hata iliyo mbali na mji tutaihudumia. Ikiwa nafasi zimejaa, nyumba moja ya ule uso unaocheka inatosha, kwa kuwa unazo mbili. Umbo lake liwekwe kwenye kila kabati la kila mashine duniani, kuanzia ile ya ukumbini, kabla daktari hajaondoka. Na Kamati iandike barua fupi ya kuomba radhi kwa sababu ya lile pipa. Mkifanya hivyo, nitawachorea bure bango la mlango wenu, "Sukuma" au "Vuta", mtakavyopenda. Msipofanya, nitaendelea na kopo langu la rangi hadi mtaa wa pili, na wa tatu, mpaka ninyi wenyewe mkitoka nje mkutane nayo ukutani kwenu.

Natumaini nimeeleweka. Nisalimieni wajumbe wote, waliokubali na waliosinzia. Nisalimieni Katibu na wa nyumbani kwake. Msalimieni pia mjumbe aliyeleta hoja ya kinyesi. Mwambieni simchukii, ila ningependa siku moja aketi na mama yangu kwenye lile benchi. Mke wangu anawasalimu, na anasema vidole vinamuuma. Zima-Washa anawasalimu, na anauliza kama mmejaribu kuzima na kuwasha.

Wenu mwenye imani ambayo bado haijaisha,

Mchora Mabango,
mwana wa Mchora Mabango na wa Mama mwenye □ katika jina lake.

Nyongeza baada ya sahihi:

Waheshimiwa, yote mliyoyasoma hapo juu naomba myaache kama yalivyo, yaani msiyafanyie kazi. Ningeifuta barua hii, lakini ombi langu la kwanza mnalo tayari, na mke wangu amekataa katakata kazi ya vidole vyake itupwe.

Ilikuwa hivi. Alipomaliza kuchapa alinisomea kwa sauti ili turekebishe makosa. Mama alikuwa chumba cha pili anakunja nguo. Tulipofika namba saba, nguo zikanyamaza. Akaniita. Hakufoka, na mama asipofoka ndipo ujue umekwisha.

"Baba yako alikuwa na herufi moja," akasema, "na mtu mmoja wa kumwandikia. Wewe umempa kinyozi."

Nikaanza kumweleza habari ya jamii ya watumiaji. Akanikatiza. "Ukipata hiyo namba unayoililia, itakuwa kwenye simu ya kila mtu?" Nikasema ndiyo mama, dunia nzima, na nikasema kwa fahari. "Mtu asiyenijua ataweza kuibonyeza?" Ataweza. "Hata akiwa hana la kufanya?" Nikashika shati nikaanza kumsaidia kukunja. Akaendelea kukunja nguo, kisha akauliza kisanduku kile cha ukutani kikoje hasa, na mke wangu akamchorea kiganjani kwa kidole: upande, upande, upande, upande. Mama akafumba kiganja. Hakukifumbua mpaka tulipokula.

Asubuhi yake alitutangulia kuvaa. Ukumbini jina lilipotokea, mke wangu alinong'ona, "Mama, ni kisanduku." Yule mzee wa kofia ya sufu naye alikuwepo, akaanza kuinuka. Mama akamwekea mkono begani. "Keti, ndugu yangu. Hiki ni changu." Akaingia.

Leo wamemfungua bandeji ya jicho la kwanza. Nilimwomba anitazame mimi. Akanitazama, akasema nimekonda na shati halijapigwa pasi, kisha akataka apelekwe mbele ya skrini. Alisimama pale muda mrefu, watu wakamzunguka kwenda na kurudi. Jina lake lilipotokea alilisoma lote, na pale katikati nikaona pumzi imemkwama, akameza mate, akamalizia. Akasema, "Kimefungwa pande zote. Vizuri. Humo ndani yumo, na hakuna wa kumfungua ila mimi."

Nami nawaandikia maneno haya nikiwa na chokaa mpaka viwikoni. Mlango wa kinyozi nimeshaufuta. Muhuri wa mwokaji nimeuomba, akanipa na mkate wa jana juu yake. Fundi viatu amesema soli zitajifuta zenyewe wenye viatu wakirudi.

Kwa hiyo naomba msitupatie namba hiyo. Na kama mmekwisha kuitoa, mpeni konokono awe na ya pili. Sisi tuachieni kisanduku chetu.